Mama Atarudi Jana

Kila asubuhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya vilima vya Nyakatuntu, Kayitesi alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji bondeni na ameshamfungulia mbuzi kamba. Kisha alikaa na Nyogokuru, yaani bibi yake mzaa mama, wakanywa uji wa mtama. Nyogokuru hakuwa mtu wa maneno mengi, na masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito. Ukitaka kumwambia jambo, ilibidi upaze sauti mpaka jirani wa tatu naye ajibu. Kwa hiyo Kayitesi alizoea kunyamaza. Mengi aliyotaka kuyasema aliyameza pamoja na uji.

Baba yake alifariki Kayitesi akiwa mdogo, hata sura yake hakuikumbuka. Mama yake, Uwiduhaye, alikuwa amekwenda kufanya kibarua cha kukata miwa upande wa Missenyi, na tangu aondoke nyumba ilikuwa kimya. Kabla hajaenda, alimhamishia Kayitesi kwa Nyogokuru kutoka kijiji kingine kilichokuwa karibu na mpaka. Ndipo msichana huyo akaanza shule mpya akiwa darasa la sita, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kuchaguana marafiki tangu la kwanza.

Wakati wa mapumziko wasichana waliruka kamba huku wakitaniana kwa Kinyambo cha haraka haraka, lugha ya wenyeji wa pale. Kayitesi alisimama karibu na bomba akijifanya anaosha mikono. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwita. Na kutoitwa huko, jamani, kunauma! Anayekufukuza angalau amekuona.

Siku moja Mwalimu Anatolia, aliyewafundisha Kiswahili, aliingia darasani amekumbatia vishikwambi kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo mwalimu!" wakasimama wote.

"Marahaba. Kaeni. Leo nina habari njema. Tumeunganishwa na shule moja ya Kanoni, kule Karagwe, kwenye jukwaa la kujifunzia mtandaoni. Kila mmoja wenu atapewa mwenzi wa huko. Utaandika insha humu, mwenzi wako ataisoma, kisha atakupa mrejesho. Nawe utaisoma yake na kumpa mrejesho. Nani anajua mrejesho ni nini?"

Fidele aliinua mkono. Fidele huyo alikuwa hawezi kusikia swali mkono wake ukabaki chini, awe anajua jibu au hajui.

"Ni maksi, mwalimu!"

"Si maksi. Ni maneno ya mtu aliyesoma kazi yako. Anakueleza alichokiona ili kazi yako iwe bora zaidi. Mwisho wa muhula, wenzi watakaokuwa wamezikamilisha insha zao watakutana Kanoni kuzisoma pamoja. Watakaoishia njiani, watabaki hapa."

Darasa lililipuka kwa furaha. Mwalimu alianza kusoma majina na wenzi wao, na alipofika kwa Kayitesi akasema, "Wewe uko na Kemilembe."

Kemilembe! Kayitesi alilirudia jina hilo njia nzima alipokuwa akirudi nyumbani. Alimwambia mbuzi. Alimwambia na Nyogokuru, mara mbili, kwa sauti kubwa. Hakuwa amewahi kupewa mtu namna hiyo, mtu wa kumsoma yeye na si mwingine. Akaapa moyoni kwamba lazima aende Kanoni akamwone, hata ikibidi aandike insha usiku na mchana.

Kichwa cha insha kilikuwa "Mtu Ninayempenda". Mtandao ulishika vizuri karibu na tangi la maji tu, kwa hiyo siku ya kuandika wanafunzi walikaa hapo kwenye nyasi, wawili wawili kwa kila kishikwambi. Kayitesi alikaa na Fidele. Ilipofika zamu yake, aliandika kwa kidole kimoja, polepole, ulimi ukiwa umetoka nje kidogo:

"Ninampenda mama yangu. Mama ana sauti nzuri. Akiimba wakati wa kumenya ndizi, hata mbuzi anaacha kulia. Mama yuko mbali. Naona kama aliondoka kesho tu. Nililia sana. Aliniambia nisilie kwa sababu atarudi jana. Kila nikimwuliza Nyogokuru, naye ananiambia hivyo hivyo, mama atarudi jana."

Alipomaliza alibonyeza kitufe cha kutuma. Moyo ulimdunda. Aliona kama ameutuma moyo wenyewe.

Wiki nzima alisubiri. Akiwa anachota maji, alikuwa anamfikiria Kemilembe anasoma. Akiwa anachambua maharage, Kemilembe anasoma. Labda anacheka pale kwenye mbuzi. Labda na yeye mama yake yuko mbali.

Siku ya mrejesho ilipofika, Kayitesi ndiye aliyetangulia kukaa penye tangi. Alifungua kazi yake. Juu kabisa palikuwa na alama ya uso ulionuna. Chini yake yaliandikwa maneno haya: "Hueleweki. Mtu anarudije jana? Rudia."

Alitelezesha kidole chini akidhani maneno mengine yamejificha. Wapi! Palikuwa na kitu kingine kimoja tu, kibandiko chekundu kutoka kwa Mwalimu Anatolia mwenyewe, kilichosema, "Rudia kazi."

Fidele alichungulia kwa juu ya bega lake, akasoma kwa sauti. "'Mtu anarudije jana?' Heee! Mama yake ataondoka kesho halafu arudi jana! Jamani, njooni mwone!"

Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakajilaza kwenye nyasi. "Kayitesi Jana-Kesho!" mmoja akasema, na jina likamganda hapo hapo. Kayitesi alijikaza kisabuni. Alitazama tangi, akatazama misumari ya tangi, akatazama kutu iliyokuwa kwenye misumari, ili mradi asitazame mtu.

"Haya, sasa someni insha za wenzi wenu, mwape mrejesho," Mwalimu Anatolia aliita kutoka upande wa pili, alikokuwa akihangaika na kishikwambi kilichozimika.

Insha ya Kemilembe ilikuwa pale, ndefu kiasi. Kayitesi hakusoma hata mstari mmoja. Alifura kwa hasira. Alichagua uso ulionuna, akaandika, "Mbaya. Rudia." Akatuma.

Basi, wamelingana! Lakini utamu aliodhani angeupata hakuuona. Mdomoni alisikia uchungu kama mtu aliyelamba utomvu wa ndizi mbichi. Jioni hiyo alikaa kwenye kizingiti, akamwuliza bibi yake swali la siku zote, kwa Kinyarwanda chao cha nyumbani, mama atakuja lini.

"Azaza ejo," Nyogokuru alijibu bila kuinua macho kwenye maharage.

Kayitesi aliingia ndani, akalala bila kula.

Tangu siku hiyo hakuandika tena. Darasa likienda penye tangi, yeye alijitolea kubaki kufuta ubao. Ubao wenyewe ulikuwa ukimeta kwa kufutwa, lakini aliufuta tu. Huko nje alisikia wenzake wakisomeana maneno ya marafiki zao wa Kanoni, na kila kicheko alikihesabu kuwa ni cha kumcheka yeye. Safari ya Kanoni aliizika moyoni. Nani angetaka kukutana na mtu asiyeeleweka?

Lakini Mwalimu Anatolia hakuwa kipofu. Siku moja, wengine walipoondoka, alimkuta bado na dasta mkononi.

"Kayitesi, weka hiyo dasta, mwanangu. Huo ubao utatoboka. Njoo tukae."

Wakakaa kwenye dawati moja. Mwalimu alifungua kishikwambi.

"Wewe na Kemilembe wote mmenyamaza. Nini kimetokea?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Naona ulimwandikia kwamba insha yake ni mbaya. Uliisoma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Aha. Ilihusu nini?"

Nje, jogoo wa mlinzi wa shule aliwika. Angeweza kubuni, angesema inahusu mama, maana nani hampendi mama yake? Lakini alipoinua macho aliona mwalimu anamtazama bila ukali wowote, na hapo uongo ukamshinda.

"Sikuisoma, mwalimu. Nimekudanganya. Nilikuwa na hasira. Aliniambia sieleweki, na wote wakanicheka."

"Asante kwa kusema kweli," mwalimu alisema. Hakuongeza neno. Alimsogezea kishikwambi tu. "Sasa isome. Kwa sauti, na mimi nisikie."

Kayitesi akasoma:

"Mtu ninayempenda ni dada yangu Kokwijuka. Dada ameolewa Igurwa. Zamani tulianika kahawa pamoja huku tukipiga soga. Sasa naanika peke yangu. Kazi yangu ni kufukuza kuku wasitawanye kahawa. Siku hizi siwafukuzi haraka. Kwanza nawasimulia habari za shule. Jogoo ananisikiliza, lakini matetea hawana subira. Wakiondoka wote, nabaki na kahawa."

Alipofika hapo kwa jogoo, cheko lilimtoka bila yeye kupenda. Alipofika kwa kahawa, sauti ilikatika.

"Mwalimu," alisema kwa shida, "mimi naongea na mbuzi."

"Na mimi niliongea na ng'ombe," mwalimu alijibu. "Nilipopangiwa kazi huku mara ya kwanza nilikuwa simjui mtu."

Wakacheka wote wawili, halafu Kayitesi akalia. Alilia kwa ajili ya yule msichana wa Kanoni aliyeandika mambo mazuri hivyo, akaambulia "Mbaya. Rudia." Huenda na yeye alitelezesha kidole chini kutafuta maneno mengine. Huenda alikwenda kuwasimulia kuku.

Mwalimu alimwacha alie. Kisha akafungua insha yake Kayitesi. "Sasa tuje kwako. Hebu nieleze. Mama yako ameshaondoka?"

"Ndiyo, mwalimu. Muda mrefu."

"Umeandika 'aliondoka kesho'. Na kurudi, umeandika 'jana'. Ulitaka kusema nini?"

Kayitesi alishangaa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Wote walikuwa wamecheka tu.

"Nyumbani tunasema ejo, mwalimu."

"Ejo ndiyo nini? Jana au kesho?"

"Zote mbili."

"Zote mbili!" Mwalimu Anatolia, ambaye alikuwa Mhaya wa Muleba na Kinyarwanda alikijua cha salamu tu, alitoa macho. "Sasa mnajuaje ni ipi?"

"Neno la kitendo ndilo linalosema. Yaje ejo, huyo amekuja jana. Azaza ejo, huyo atakuja kesho. Ejo yenyewe haibadiliki. Nikiandika Kiswahili, jana na kesho zinanichanganya. Naona kama ni siku moja."

Mwalimu akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Kumbe! Na mimi nikabonyeza 'Rudia kazi', nikaendelea na mwingine. Ungerudia nini sasa, mwanangu, kama hujui kosa liko wapi? Nilikuwa na insha za darasa zima, kitufe kile ni kimoja, na kidole kimechoka. Lakini hilo si jibu. Nilipaswa kukuuliza. Unisamehe."

Kayitesi hakuwa amewahi kusikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha.

Mwalimu alimfundisha pale pale. Alichora mtoto mdogo ubaoni, huo huo ubao safi kama nini, mtoto amesimama njiani. "Nyuma yake, alikotoka, ni jana. Mbele yake, anakokwenda, ni kesho. Ukichanganyikiwa, jiulize, hili nimelipita au nalifuata?"

"Na Kemilembe, mwalimu? Nimwandikie nini?"

"Mwandikie kama mtu uliyemsoma. Mwambie kilichokugusa. Palipokupotea, muulize, usimhukumu. Na kama kuna jambo la kurekebisha, mwonyeshe ni lipi. Basi."

Kayitesi alibeba kishikwambi hadi penye tangi, mwalimu akimfuata nyuma. Alikaa muda mrefu akiandika na kufuta. Mwishowe akaandika hivi:

"Kemilembe, nilikuandikia kwamba insha yako ni mbaya, lakini nilikuwa sijaisoma. Nilikosa. Naomba unisamehe. Leo nimeisoma yote. Nimecheka kwa jogoo. Pale ulipobaki na kahawa, nimelia, kwa sababu hata mimi niko peke yangu. Nina jambo moja la kuuliza. Kuku wako nimewaona vizuri, lakini dada yako bado sijamwona. Anacheka namna gani? Mlipokuwa mnapiga soga, alikuwa anakusimulia nini? Ukiyaandika hayo, na mimi nitampenda."

Mvua ilikuwa inanyunya. Alama ya kutuma ilizunguka, ikazunguka, ikasimama. Kayitesi aliinua kishikwambi juu kama mtu anayemwonyesha Mungu. Hatimaye ikaandika kwamba ujumbe umekwenda.

Jibu halikuja. Siku ya kwenda penye tangi ilifika, akafungua, hakukuta kitu. Ikafika nyingine, hakukuta kitu tena. Fidele na wenzake walianza kuzungumzia nguo watakazovaa Kanoni. Kayitesi aliirekebisha insha yake sentensi moja moja, jana akaiweka mahali pa jana, lakini pale penye kurudi kwa mama mkono ulikwama. Na kazi ya mwenzi ikibaki haijakamilika, safari hakuna, hata yako ingekuwa safi namna gani. Usiku alijiambia kwamba hata yeye, angeandikiwa "Mbaya" na mtu asiyemjua, asingemjibu. Hilo halikumfariji. Lilimwuma zaidi, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kisha, siku ambayo hakuitegemea, Mwalimu Anatolia alimwita kwa kumpungia mkono kutoka penye tangi. Kayitesi alikimbia, kandambili moja ikabaki njiani.

"Kayitesi," ujumbe ulianza, "nilikasirika sana nikasema siandiki tena. Halafu nikaona maneno yako nikayasoma mara nyingi. Kumbe na mimi nilikukosea. Mwalimu wetu akisahihisha anaandika 'Rudia', nikadhani kusahihisha ndiko huko. Insha yako nimeisoma upya. Nimependa mbuzi anayeacha kulia mama yako akiimba. Nataka nikuulize, maana sijui kama nimeelewa. Je, mama yako amesharudi, au bado unamsubiri?"

Kayitesi alisoma swali hilo, akalisoma tena. Lilikuwa swali dogo, lakini liligonga mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kugonga. Amesharudi, au bado unamsubiri? Mwenyewe hakujua amjibu nini. Mama alisema ejo. Nyogokuru alisema ejo. Ejo ilikuwa imepita mara nyingi mno, kiasi kwamba Kayitesi alikuwa ameanza kuamini, bila kumwambia mtu, kwamba kurudi kwa mama ni kitu kilichobaki nyuma, jana huko, hakiji tena.

Jumapili baada ya ibada, kitochi cha Nyogokuru, simu yake ndogo ya vitufe, kililia. Alikuwa mama. Siku nyingine zote Kayitesi alisalimia, akajibu kwamba shule nzuri, akakirudisha kitochi kwa bibi yake. Siku hiyo alikishika kwa mikono miwili.

"Mama, utarudi ejo ipi?"

Kayitesi akakibana kitochi sikioni.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Kila siku unasema ejo. Nataka kujua ni ejo ipi. Kama huji, niambie tu."

Alisikia mama akivuta pumzi. Sauti iliporudi ilikuwa imelowa. "Nakuja, Kayitesi. Nilikuwa nasema ejo kwa sababu siku yenyewe nilikuwa siijui, na niliogopa kukuambia siijui. Sasa wametuambia. Miwa ya msimu huu ikimalizika kukatwa, wanatuachia. Krismasi tutamenya ndizi pamoja. Mbona hukuniuliza siku zote hizi?"

"Niliogopa jibu."

"Basi tulikuwa tunaogopana," mama alisema, akacheka huku analia.

Nyogokuru, ambaye hakuwa amesikia hata neno, aliuliza mbona watu wanalia kwenye simu. Kayitesi alimpigia kelele sikioni, kwa furaha, mpaka jirani wa tatu akaitika kutoka kwenye migomba yake.

Siku ya safari ilifika, na Kayitesi alikuwemo kwenye gari, maana insha yake na ya Kemilembe zote zilikuwa zimekamilika. Kanoni waliwapokea kwa ndizi na maharage, wakaketi kwenye darasa lililopambwa kwa maua. Msichana mrefu, mwembamba, alikuwa akizunguka akitazama nyuso. Alisimama mbele ya Kayitesi.

"Wewe ndiye mwenye mbuzi?"

"Wewe ndiye mwenye kuku?"

Hawakuulizana kitu kingine. Walikaa pamoja, na Kayitesi akamweleza jinsi ejo moja inavyokuwa jana na kesho.

Kemilembe alisoma kuhusu dada yake, ambaye akicheka hushika mbavu na kusema "nakufa, nakufa", na ambaye alimwahidi kwamba mwaka huu atakuja wakati wa kuvuna kahawa. Wakati huu kila mtu alimwona huyo dada. Kisha Kayitesi alisimama. Pale mbele Fidele alikuwa amekaa, macho yamemtoka. Akasoma mpaka mwisho: "Mama yangu hajarudi. Naona kama aliondoka jana tu. Bado ninamsubiri, lakini sasa najua ninamsubiri mtu anayekuja. Mama atarudi kesho. Kesho hiyo iko mbali kidogo, lakini iko mbele yangu."

Hakuna aliyecheka. Fidele ndiye aliyeanza kupiga makofi, na alipiga kwa nguvu mno kama mtu anayelipa kitu. Baadaye, penye foleni ya kunawa, alimsogelea akasema chini chini, "Kayitesi, lile jina, silitumii tena."

Mwalimu Anatolia alisimama kuwaaga.

"Wanangu, mwaka huu mlijifunza insha, na mimi nimejifunza kusoma. Mtandao unaweza kufikisha neno Kanoni kabla sijapepesa jicho, lakini haujui kama neno hilo linajenga au linabomoa. Hilo tunalijua sisi tunaoandika. Mtu akikupa kazi yake, isome kwanza, yote. Sema kweli, lakini iseme kwa namna ambayo mwenzio ataweza kuifanyia kazi. Neno 'mbaya' halimfundishi mtu, na hata 'nzuri sana' ya kumwondoa mbele yako haimfundishi. Usipoelewa, uliza. Swali moja la Kemilembe limefanya kazi ambayo kitufe changu chekundu kisingeifanya mpaka leo. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, rudi ukaseme."

Magari yalianza kunguruma. Watoto wa Nyakatuntu walipanda, wakachungulia madirishani. Kemilembe alisimama chini, mkono juu ya kioo cha Kayitesi. Gari lilipoanza kusogea, akakimbia nalo hatua kadhaa.

"Kayitesi! Tutaonana ejo!"

Kayitesi alitoa kichwa dirishani. "Ipi?"

"Ya mbele!" Kemilembe alipiga kelele.